Haragwe Langu Lilivyotafutiwa Pasipoti Mjini

Niliondoka Kangemi kwa sababu ya jina, wala si kwa sababu ya shida. Mimi na shida tuliachana zamani. Mnaonijua mnajua: shule niliiacha darasa la tano, nikaja Nairobi na gunia tupu begani, na leo ukiuliza sokoni nani anauza maharagwe utaonyeshwa jengo la ghorofa tatu, la kijani, lenye jina BARASA kwa herufi ambazo hata mtu aliye ndani ya ndege anaweza kuzisoma. Sijui kama kuna aliyewahi kuzisoma kutoka huko, lakini zinasomeka.

Sasa, katika maharagwe yangu kuna moja ambalo ndilo mfalme. Ni dogo, rangi ya maini, lina mstari mweupe katikati kama mtu aliyechana nywele kwa adabu. Linaiva kabla mama hajamaliza kukata kitunguu. Wateja hawalijui kwa jina lingine. Mtu anakuja anasema, "Nipimie Barasa kilo mbili," na mimi nampimia mwenyewe, hata kama wafanyakazi wapo.

Siku moja akaja dukani mama mmoja mpole, mwenye miwani, anaitwa Daktari Akinyi. Si daktari wa kudunga watu sindano. Yeye ni wa mimea, na kazi yake iko kwenye kompyuta. Alilichukua haragwe langu kwa vidole viwili, akaligeuza, akauliza ni aina gani. Nikamwambia, Barasa. Akatoa simu, akaandika, akatikisa kichwa.

"Barasa hayumo," akasema.

"Hayumo wapi?"

"Kwenye databesi. Ni kama ghala, lakini liko kwenye intaneti. Kila aina ya haragwe imeandikwa humo: ilitoka wapi, inavumilia ukame namna gani, inaugua nini, na jeni zake zimepangwaje. Mtaalamu akiwa Uganda au India anafungua tu, anatafuta mbegu anayoitaka."

"Na huyo wa India akitafuta Barasa?"

"Hampati."

Nikamwambia basi ghala lao halijakamilika. Akacheka, akaomba konzi moja ya mbegu aipeleke maabara isomwe. Sikujua mbegu husomwa, lakini nilimpa konzi mbili, asije akakwama katikati ya kusoma.

Wiki kadhaa zikapita. Kisha akapiga simu: "Mzee Barasa, majibu yamerudi. Kesho njoo ofisini Westlands tuingize haragwe lako. Uje na mbegu kidogo na data yake ya pasipoti."

Mtu mwingine angenyamaza mpaka jambo liishe. Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilitangaza soko zima, kuanzia kwa wauza mboga za sukuma hadi kwa wachoma mahindi, kwamba kesho Barasa anaingia intaneti. Jirani yangu Kamau, muuza viazi, mtu wa wivu lakini si mbaya, akaniuliza mbele ya watu, "Na ukirudi bila jina?"

"Nikirudi bila jina," nikasema, "futa langu pale ukutani uandike lako."

Kamau akauliza, "Rangi nitanunua mimi ama wewe?"

Hivyo ndivyo nilivyoondoka. Nikishindwa, ghorofa tatu zitaitwa Kamau.

Asubuhi, katikati ya jiji. Niliacha gari langu la Probox mahali pa kulipia, maana kanjo, askari wa jiji, hawajui mimi ni nani, nikatembea hadi kwenye studio moja ya picha iliyo ghorofani, juu ya duka la vitenge. Ngazi zake ni nyembamba, zina harufu ya gundi na chai. Nilikuwa nimewaza usiku: kama mtu anataka pasipoti, jambo la kwanza ni picha. Serikali ni serikali, hata ya intaneti.

Mpiga picha alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu.

"Sasa mkubwa. Picha ya pasipoti?"

"Ndiyo. Lakini si yangu. Ni ya hawa." Nikafungua leso.

Akaangalia maharagwe, akaniangalia, akayaangalia tena. Watu wa mjini wameona mengi. "Wote pamoja ama mmoja mmoja?"

"Mmoja. Kiongozi wao."

Nikamchagulia haragwe moja lililonona, lisilo na mkunjo. Akaliweka juu ya kiti cha wateja, akaona ni chini, akaongeza kiti juu ya kiti, halafu kitabu cha simu cha zamani.

"Pasipoti ya wapi? Kuna nchi zinataka nyuma pawe peupe, zingine buluu."

"Ya intaneti."

"Hiyo sijawahi. Tuweke nyeupe, haina maneno." Akainama kwenye kamera. "Aangalie mbele."

"Mbele yake ni hapa kwenye jicho," nikamwonyesha ile alama ndogo ambapo haragwe hushikana na ganda.

"Sawa. Sheria inasema masikio yaonekane."

"Hana masikio."

"Basi kwa hilo hawezi kukataliwa. Asicheke."

Akapiga. Nikaomba aniprintie nane, maana ofisi za Nairobi hupenda nakala. Nilipokuwa nalipa alisema, "Mzee, kati ya watu wote nimepiga picha leo, huyu peke yake hajapepesa macho." Nikamwambia ni kawaida ya mali yangu.

Saa nne na kitu, Parklands. Nilikuwa na magunia mawili ya kushusha kwenye jiko la shule moja huko, na mimi siwezi kupita karibu na mteja bila kumsalimu. Parklands ni pazuri, miti inapita juu ya barabara kama paa, na magari ya watu binafsi yamepangwa mbele ya magorofa. Mpishi wa shule, Mama Atieno, aliniwekea chai kwenye kikombe kikubwa cha bati. Nikamwonyesha picha.

"Huyu ni nani?"

"Ni Barasa."

Akaisogeza mbali kidogo na macho. "Umekonda."

"Si mimi Barasa. Ni haragwe Barasa."

"Nimejua," akasema, "lakini mmefanana hapo kwenye mstari wa nywele." Nikamaliza chai. Mteja ni mteja.

Saa tano na nusu, Westlands. Hapa ndipo pesa za Nairobi hulala, na hata kuta ni za vioo ili ujione ulivyo mdogo. Mimi nilijiangalia kwenye ukuta nikajiona nimetosha. Mlangoni kulikuwa na mlinzi mrefu, beji yake ya jina ikisema Musa.

"Unaenda kwa nani, mzee?"

Hapo sasa ilibidi nikumbuke. Daktari Akinyi alikuwa ametaja benki ya jeni, na jina la ofisi lilikuwa refu. "Naenda benki ya Jeni," nikasema.

Musa akanionyesha mlango wa benki iliyo hapo chini. Nikaingia, nikapanga foleni kama raia mwema, nikafika kwa msichana nadhifu aliyevaa skafu. Nikamuuliza kama kuna Jeni. Akasema, "Ndiye mimi. Nikusaidie?"

Nikafurahi kwamba mambo yanakwenda haraka. Nikamwambia, "Nimetumwa kwako. Nina mbegu nataka kuweka hapa."

Watu wawili waliokuwa nyuma yangu wakakohoa. Jeni akakunja skafu yake vizuri, akaniambia kwa upole mkubwa, "Baba, mbegu zako weka nyumbani kwa mama."

Nilitoka pale nikiwa na heshima yangu yote, isipokuwa ile niliyoiacha kwenye foleni. Musa alipoelewa akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipeleka mwenyewe hadi kwenye lifti, ghorofa ya saba.

Daktari Akinyi alinipokea mlangoni. Ofisi yake haina mbegu hata moja, jambo lililonishangaza. Ni meza, nyaya na kioo kimoja cha kompyuta kikubwa kama mlango wa kabati. Nikampa leso ya maharagwe na bahasha.

Akazitoa zile picha nane. Akakaa nazo muda mrefu.

"Mzee Barasa, hii ni nini?"

"Data ya pasipoti. Nyuma peupe."

Alivua miwani, akafuta macho. Sikuona vumbi ofisini, lakini alifuta sana. Kisha akanieleza kwamba pasipoti ya mbegu ni habari zake za kuzaliwa: ilitoka kijiji gani, nani aliyeitoa, wenyeji wanaiitaje. Picha si lazima. Nikamwambia kama picha si lazima, basi nimezidisha, na kuzidisha ndiyo tabia yangu.

"Na jeni je?" nikauliza, maana nilikuwa nimeshamjua Jeni mmoja siku hiyo na hakunifaa.

"Jeni ni maagizo yaliyo ndani ya mbegu. Yanaiambia iwe na rangi gani, iive lini. Yameandikwa kwa herufi nne tu, zinajirudia rudia."

"Herufi nne?"

"Nne."

"Shule ingekuwa na herufi nne mimi ningefika chuo kikuu."

Akaniambia hajalinganisha bado haragwe langu na mengine. Alinisubiri, kwa sababu kitu hicho ni kitamu kikionwa na mwenyewe. Nikavuta kiti karibu. Akabonyeza. Mistari ya rangi ikashuka kwenye kioo kama shanga, mmoja wa kwangu, na chini yake mingine ya maharagwe ya dunia ikipita, ikipita. Ukipatikana mfanano, inasimama. Nilikuwa naomba moyoni isisimame. Ikienda mpaka mwisho, haragwe ni jipya, na jina ni Barasa.

Ikasimama.

"Eeh," Daktari Akinyi akasema. "Lako limo. Liliingizwa miaka mingi iliyopita, kwa jina lingine. Ni lile lile kila mahali walipopima." Akabonyeza tena. "Lilitoka Mlima Elgon, upande wa Bungoma. Na yule aliyelitoa, picha yake iko hapa."

Kioo kizima kikajaa uso wa mama mmoja mwenye kitambaa cha kichwa cha njano, ameshika ungo wa maharagwe, ananiangalia mimi.

Nilisimama. Kofia nikaitoa. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua, macho kwenye zulia, mpaka mgongo ukagonga mlango, nikaufungua kwa mkono wa nyuma, nikatoka.

"Mzee?" Daktari akaita. "Kuna nini?"

"Mfunike huyo mama," nikasema nikiwa nje.

"Hii ni picha tu."

"Najua ni picha. Picha ina macho."

Kwa asiyejua: kwetu Bungoma mtu haketi chumba kimoja na mama mkwe wake. Hamshikani mikono, hamkutani kwenye njia nyembamba, na jina lake hulitaji. Mtanisamehe, hata hapa siliandiki. Na mimi nilikuwa nimevuta kiti karibu naye, tena bila koti.

Nilimwambia ni mama mkwe. Daktari Akinyi ni mtu wa Kisumu, hata kwao mkwe huheshimiwa, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Aa. Mama mkwe. Sawa, kaa hapo nje, nitasoma kwa sauti. Jina lake ni..."

"Lisome kimoyomoyo."

"Haya. Jina la haragwe linaruhusiwa?"

"Hilo taja."

"Limeandikwa kwa Kibukusu, sitaki kuliharibu. Tafsiri yake iko pembeni: Mgeni Haondoki."

Nilisimama kwenye korido ile ya zulia la kijivu nikaona ukuta wangu wa Kangemi, na Kamau juu ya ngazi, ameshika brashi. Nikamwambia Daktari kupitia ufa wa mlango kwamba lazima jina langu liingie. Nilimweleza yote: soko, wauza sukuma, Kamau. Akafikiri.

"Kuwa aina mpya haiwezi. Lakini kuna sehemu ya majina mengine, kama watu wa mahali fulani wanaliita tofauti. Kangemi wanaliita Barasa, hiyo ni kweli. Shida ni moja. Aliyetoa mbegu aliomba aulizwe kabla hawajaongeza chochote. Nambari yake iko hapa. Tumpigie?"

"Mimi siwezi kuzungumza naye hivyo. Ngoja nimpigie mke wangu, yeye atamuunganisha."

Mke wangu anaitwa Nekesa. Aliposikia akaniuliza swali ambalo mtu hapaswi kumuuliza mume wake aliye safarini.

"Baba Simiyu, hayo maharagwe ulidhani yalitoka wapi?"

"Jikoni."

"Na jikoni yalifikaje?"

"Sikuuliza. Mimi ni mtu wa kazi."

"Mama alinipa kwenye kopo la mafuta siku naondoka kwetu. Nilikupikia, ukasema umegundua biashara."

Na kweli niligundua. Lakini haukuwa wakati wa kubishana. Nekesa akaunganisha simu, mimi nikampa Daktari simu yangu kwa kunyoosha mkono ndani bila kuangalia, akaiweka sauti ya juu mezani. Nikageuka nikatazama ukuta wa korido. Hapo ndipo Musa mlinzi alipotoka kwenye lifti.

"Mzee, kwani umefukuzwa?"

"Niko kwa mkutano," nikamwambia.

Akasimama kando yangu, akatazama ukuta naye, kwa adabu.

"Halo mama," Daktari alisema ndani. "Naitwa Akinyi, niko Nairobi kwenye ofisi ya mbegu."

"Mbegu zangu zimeoza?" Sauti ya mama ilifika mpaka koridoni, na nyuma yake kuku.

"Hapana mama, ziko salama kabisa. Kuna mtu hapa anayeziuza, wateja wake wanaziita Barasa. Anaomba jina hilo liandikwe pamoja na lako."

Kuku peke yao wakazungumza kwa muda.

"Huyo mtu yuko hapo?"

"Yuko nje ya mlango, ameangalia ukuta."

"Hapo amefanya vizuri. Na Nekesa yuko kwa simu?"

"Niko, mama."

"Mwambie huyo daktari kwa nini hayo maharagwe yanaitwa hivyo."

"Mama, tafadhali usiseme," Nekesa akasema, na alikuwa anacheka tayari.

"Nitasema. Mwanangu daktari, zamani tuliyaita tu ya nyumbani. Halafu kijana mmoja akaja kuona msichana wangu. Akapelekewa sahani. Akamaliza. Akapelekewa nyingine. Jua likazama hajaaga. Asubuhi tukamkuta anapasua kuni, hakuna aliyemtuma. Mzee wangu akaniuliza, huyu mgeni haondoki? Nikamwambia, ni maharagwe. Basi watu wa mbegu walipokuja kuuliza jina, nikawapa hilo."

Musa akanitazama kwa jicho la pembeni. Mimi niliendelea na ukuta.

"Kwa hiyo mama," Daktari akauliza, akijizuia kucheka, "niandike Barasa?"

"Kwani hujanielewa? Barasa yumo siku zote. Yeye ndiye mgeni. Lakini kama anataka na jina lake la kuitwa, liandike, liwe chini ya langu. Amepasua kuni, na msichana wangu hajawahi kulala njaa. Liandike." Akafikiri. "Kwa herufi ndogo."

Nikasema kwa ukuta, "Nekesa, mwambie nimeshukuru."

"Mama, anasema ameshukuru."

"Nimemsikia, ana sauti kubwa. Mwambie nimemsikia lakini sijamsikia."

Daktari Akinyi aliandika jina, na ile habari ya kuni pia. Halafu akaniambia kwamba kwenye ukurasa ule kulikuwa na picha ya mama lakini hakukuwa na picha nzuri ya haragwe lenyewe, na kwamba picha yangu, jicho limetokea sawasawa, imepigwa vizuri kuliko zao. Akaiingiza. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kuhusu picha tangu asubuhi, na nataka hilo lijulikane.

Jioni, barabara ya Waiyaki. Msongamano ulinishika pale pale unapomshika kila mtu, nikazima injini nikafungua simu. Niliandika jina langu, kwa kidole kimoja. Likaja. Nilifunika sehemu ya juu ya kioo kwa kiganja, kwa sababu ya ile picha nyingine, nikasoma chini: Majina mengine, Kangemi: barasa. Dereva wa nyuma akapiga honi. Nikamwacha apige.

Kangemi, nilipofika, soko lilikuwa bado lina watu. Kamau alikuwa amesimama mlangoni kwangu, na sitasema kwamba alikuwa ameshika brashi, lakini mikono yake ilikuwa nyuma. Nikampa simu. Akasoma, akasogeza karibu.

"Lakini limeandikwa dogo sana."

"Lipanue kwa vidole," nikamwambia.

Akalipanua. Likajaa kioo kizima. Akasoma tena, juu na chini, kisha akasoma kwa sauti kwa wauza sukuma na ile habari ya Mgeni Haondoki, na soko likacheka mpaka mama mmoja akaketi juu ya viazi vya Kamau. Tangu siku ile kuna wateja wanaosema, "Nipimie Mgeni." Ninawapimia. Mzani hauulizi umeitwaje.

Sasa niseme nilichojifunza, maana safari isiyofunza ni kuchoma mafuta ya gari bure. Nilijifunza kwamba mbegu haiulizwi sura, inaulizwa, nani alikupa? Hilo ndilo lililo kwenye pasipoti yake, na ni swali ambalo mtu aliyefanikiwa haulizwi mara nyingi. Mimi nimeulizwa, nimejibu, na Krismasi nitapeleka gunia zima kule mlimani, nitaliweka mlangoni na kugeuka nyuma kama inavyotakiwa.

Na Daktari Akinyi aliniambia jambo moja wakati naingia kwenye lifti. Alisema habari zile hazikai Westlands peke yake. Zimenakiliwa kwenye kompyuta za nchi nyingine, ili hata moja ikiungua, nyingine inabaki. Mnaonisoma, wengi wenu ni matajiri kuliko mimi, na wote mmesoma kunizidi. Lakini nyumba zenu zitabomolewa na magari yenu yatakuwa vyuma vikuukuu, na mimi nitakuwa bado nimo, chini ya mama mkwe, kwa herufi ndogo. Mgeni haondoki.